Risala ya Chama cha Elimu ya Anga kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: shikamooni, na karibuni Kilifi.

Mwaka huu chama chetu kimeshughulika na jambo moja tu, kupepesa kwa mashimo meusi, yaani vitu vya angani vyenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kuponyoka. Mzazi mmoja alituuliza kama tumekosa la kufanya. Jibu letu linaanzia baharini, hapo Ngomeni.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, imebeba setilaiti ya Marekani. Setilaiti hiyo ilikuwa ya kwanza kuundwa kwa kazi ya kupima eksirei za angani peke yake. Msimamizi wa mradi, Marjorie Townsend, akaipa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mwaka uliofuata Uhuru ikakuta kwamba eksirei za Cygnus X-1, chanzo cha eksirei kwenye kundinyota la Cygnus, hazitulii. Zinapanda na kushuka mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Hapo ndipo penye utamu. Mheshimiwa, ngoma ikipigwa pale langoni, na kila mtu apige kofi moja akiisikia, walio karibu watatangulia na wa mbali watachelewa. Umati ukienea hadi barabarani, makofi yatatawanyika. Wakiwa wachache waliobanana, yatalia pa! kwa pamoja. Mwanga nao una mwendo wake, kilomita 300,000 kwa sekunde, na huchukua karibu sekunde 5 kulivuka Jua. Basi kinachopepesa kwa kasi ile hakiwezi kuwa na upana wa Jua. Umbo lake halikuonekana, lakini udogo wake ulijulikana. Vipimo vya sasa vinakipa uzito wa Jua mara 21 hivi. Uzito huo wote, na mahali penyewe ni padogo vile! Hilo ni shimo jeusi.

Swali lililotugombanisha wiki tatu ni hili: shimo lisiloachia mwanga linatoaje eksirei? Hazitoki ndani. Zinatoka kwenye gesi inayovutwa kutoka nyota jirani. Gesi hiyo huzunguka shimo kama maji kwenye tundu la sinki, ikisuguana mpaka joto linafika mamilioni ya digrii. Na kwa kuwa haimiminiki kwa kiasi kile kile, mng'ao wake nao hauwi sawa. Vyombo vilivyofuata viliona mabadiliko ya elfu za sekunde.

Hata Namibia, mwaka 2006, darubini za H.E.S.S. ziliona miale ya gama, yenye nguvu kuliko eksirei, ya PKS 2155-304, galaksi ya mbali mno yenye shimo jeusi kubwa katikati, ikibadilika kwa dakika chache. Hiyo bado tunaisoma, na inatutoa jasho.

Mheshimiwa, maombi yetu ni mawili. Kwanza, darubini. Tuliyo nayo lenzi yake imeota ukungu kwa kuwa tuliiweka stoo inayovuja. Kosa ni letu. Pili, utusaidie kupata kibali na mashua tukaione San Marco. Haijarusha roketi tangu 1988, na wengi wetu tumekua tukiitazama kwa mbali tukidhani ni mtambo wa mafuta.

Tunaomba kuwasilisha.