Harambee ya Bweni: Tuwalaze Mabinti wa Delta ya Tana Chini ya Paa Moja

Wazee wetu, kina mama, vijana, na ndugu zetu mlio mbali na nyumbani, hamjambo.

Sisi ni kikundi cha kina mama wa Garsen na vijiji vya jirani, Wapokomo, Waorma na Wawardei. Wengine tunalima mpunga, wengine tunauza maziwa. Tunawaomba mtusaidie kumalizia bweni la wasichana la shule yetu ya sekondari. Kuta zimefika kwenye linta, fedha zikatuishia.

Kazi yetu ya amani tuliianzia sokoni, baada ya mapigano ya wakulima Wapokomo na wafugaji Waorma ya mwaka 2012. Wenye umri wanakumbuka vijiji vilivyovamiwa: Riketa Agosti 22, Kilelengwani Septemba, Kipao Desemba 21. Roho zaidi ya 100 zilipotea, na Riketa wengi waliouawa walikuwa wanawake na watoto. Chanzo kila mtu alikijua. Kiangazi kikikaza, mfugaji anataka malka, ile njia ya kuteremshia ng'ombe mtoni, na shamba la mkulima liko papo hapo ukingoni. Mabaraza ya amani yalipoitishwa, wanaume walikaa mbele wakahesabu ng'ombe na ekari. Sisi tuliozika watoto tulikaa nyuma, tukaulizwa tu kama chai iko tayari. Lile bado linatuuma.

Kina mama wa Wajir, kaskazini-mashariki mwa Kenya, walitupa moyo. Koo zao zilipokuwa zikiuana miaka ya tisini, Dekha Ibrahim Abdi na wenzake walianza na jambo moja: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue sokoni bila kuguswa. Kutoka hapo wakawaendea wazee, kisha vijana. Nasi tukafanya hivyo hivyo. Mwenye maziwa akamngojea mwenye mchele, na siku asipoonekana, mtu akatumwa kumwulizia.

Lakini sisi tunazeeka, na wa kutupokea kijiti wanaacha shule. Ukame ukija, familia inahama na mifugo na binti anafuata. Mto ukifurika, kama mwaka 2024, njia zinakatika. Mvulana atapata pa kujishikiza mjini, kwa mjomba au kwa rafiki. Msichana anarudishwa nyumbani, na wengi hawarudi tena darasani.

Katiba ya 2010 inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanaochaguliwa. Bunge halijawahi kufika hapo. Mwaka 2022 kaunti 47 zilipata magavana wanawake 7, nasi tulishangilia. Hata hivyo tunataka pia mwanamke wa hapa hapa delta, atakayeisoma bajeti ya kaunti ukurasa kwa ukurasa, asimame aulize fedha za kisima zimekwenda wapi. Huyo lazima kwanza amalize kidato cha nne.

Tena tunataka alale chumba kimoja na wenzake wa jamii nyingine. Binti wa Kiorma na wa Kipokomo walioazimana sabuni na daftari miaka minne, siku wakiambiwa "wale ni maadui", kila mmoja atakuwa na mtu wa kumpigia simu usiku ule ule.

Kazi iliyobaki inahitaji shilingi 1,350,000, yaani mbao, mabati, madirisha, ujira wa mafundi, na vitanda 40 vya ghorofa vya wasichana 80. Tumechanga wenyewe 310,000, nyingi zikiwa za maziwa na za maembe. Zimebaki 1,040,000.

Harambee ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, uwanjani pa shule. Mlio Mombasa, Nairobi na ng'ambo, tumeni kwa namba ya M-Pesa iliyo kwenye kadi za mchango. Kila risiti itasomwa kwa sauti mbele ya wazazi. Asiye na pesa alete mchanga, kokoto, au siku moja ya kazi. Fundi ameahidi kuanza kupaua Jumatatu inayofuata.