Mume wangu alinidanganya ili niseme kweli

Shangazi, salamu katika jina la Bwana. Ni saa kumi za usiku na sijapata usingizi. Nauliza habari za televisheni tu, usidhani nimekuja kumsema mzee wangu.

Anapenda zile tamthilia za wapelelezi wa Marekani. Saa tatu usiku, tukimaliza sala, anakaa na watoto. Mpelelezi anamwambia mtuhumiwa: mwenzako chumba cha pili ameshakiri, wewe unamficha nani? Kumbe mwenzake hajafungua mdomo. Mtu analia, anakiri, na sisi kwenye makochi tunashangilia. Na mimi nashangilia, sikatai.

Sasa Jumatatu iliyopita akaja nayo jikoni. Nilikuwa nachambua maharagwe. Akaegemea mlango, akasema taratibu, "Dada yako wa Arua ameniambia yote." Shangazi, miguu iliniisha nguvu. Nikamweleza kila kitu: zile laki sita za karo nilimpa mdogo wetu alipolazwa. Ningemwacha? Na mzee ningemwambiaje, tangu yale ya shamba hawasalimiani. Sikudanganya, nilinyamaza. Aliponiuliza risiti nilisema mhasibu wa shule amesafiri, hilo moja nakubali.

Lakini dada hakuwa amesema kitu! Usiku uleule nilimpigia simu nikamtukana maneno ambayo mlokole hapaswi kuyatamka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema "haya", akakata. Hadi leo hapokei. Huyo ndiye aliyenilea mama alipofariki.

Asubuhi mzee ananiambia, amefurahi kabisa, kwamba hawajawahi kulizungumza jambo hilo. Ati ni mbinu. Ati hata Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 1969, iliipokea kauli ya mtu ambaye polisi walimwambia binamu yake amekiri, na haikuwa kweli. Nikamwambia mimi si mtuhumiwa, mimi ni mke wako, na "usimshuhudie jirani yako uongo" haikuwekewa mipaka ya nchi. Akanitajia Rahabu. Akanitajia wale wakunga wa Misri. Shangazi, Rahabu alificha watu chini ya mabua ya kitani wasiuawe. Shifra na Pua walikuwa wanaokoa watoto wachanga mikononi mwa Farao. Yeye alikuwa anaokoa nani? Alikuwa anatafuta risiti. Mimi namwona kama Yakobo aliyevaa ngozi za wanambuzi mbele ya baba asiyeona. Baraka aliipata, ndiyo, lakini nduguye akataka kumwua, akakaa ugenini kwa Labani miaka 20. Ugomvi wa ndugu ndio uliobaki. Na mimi dada hapokei simu.

Juzi kijana wetu wa darasa la sita kamwambia mdogo wake, "Mama ameshaniambia ni wewe uliyelamba sukari." Mtoto akakiri huku akitetemeka, akaja kuniangalia kama mimi ndiye niliyemsaliti. Sikuwa nimesema neno. Baba yao akampiga kijana begani, "Huyu atakuwa mpelelezi."

Nilitaka tuiuze hiyo televisheni. Lakini watoto wanapata Kiingereza humo, na jioni bila hiyo ni ndefu. Nataka mzee asimame Alhamisi kwenye ushirika atubu mbele ya ndugu, si tunasema tunatembea nuruni? Hapana, asisimame. Ni mzee wa kanisa, na wataanza kuuliza karo ilikwenda wapi.

Jana amenishauri nimwandikie dada kwamba siku ile nilikuwa na malaria, homa ilipanda kichwani, sikujua nilichokuwa nasema. Ati tuyamalize. Ujumbe nimeuandika, uko kwenye simu, sijautuma. Nikimwambia dada kweli yenyewe, hatamheshimu tena shemeji yake, na kwangu hatakanyaga. Nikiutuma huo wa malaria, atanisamehe, namjua, tena atanitumia pesa za dawa. Hizo pesa nitazipokeaje?

Nimwambie, Shangazi? Tena nimwambie usoni, bila ruhusa ya mzee? Nijibu kabla ya Alhamisi. Nauli ya basi la Arua nimeshaikopa kwa jirani, nikamwambia ni ya mbolea.

Mama wa watoto wanne, Jinja