Programu huria nazo zina masharti yake

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Hivi karibuni mlichapa makala ya kuzihimiza shule na zahanati zitumie programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa, kwenye seva zao. Naiunga mkono, maana ndiyo kazi inayonilisha. Ila mwandishi alipofika mahali pa kusema kwamba programu hizi hazina masharti, mtu anachukua na kugawa apendavyo, nikaweka gazeti chini. Maneno hayohayo nilikuwa nayasema mimi, na yaliniumbua.

Ninaunda seva za kuhifadhia mafaili, wateja wangu wengi wakiwa shule na studio za picha. Kwenye diski natumia ZFS, programu ya kupanga na kutunza mafaili, kwa sababu inatambua faili lililoharibika kimyakimya na kulirekebisha kutoka kwenye nakala ya pili, kama ipo. Ili nisirudie kazi, niliandaa diski moja ya mfumo endeshi wa Linux yenye ZFS iliyokwisha kukompailiwa, yaani kugeuzwa kutoka msimbo ulioandikwa na watu kuwa programu ambayo mashine inaiendesha, nikawa naidurufu kwa kila mteja. Nilijiona mjanja kweli.

Halafu shule moja, ambayo ina mkaguzi wa wafadhili, ikanitaka niorodheshe kila programu na leseni yake. Nikaijaza usiku mmoja nikidhani ni karatasi za kutimiza wajibu. Linux: GPL toleo la 2. ZFS: CDDL. Karatasi ilirudi mistari hiyo miwili imezungushiwa wino mwekundu, na pembeni swali: ruhusa ya kugawa hivi viwili vikiwa kitu kimoja umeitoa wapi?

Sikuwa na jibu. Leseni zote mbili ni huria, hakuna ya magendo. Lakini GPL inataka ukigawa kazi iliyojengwa juu yake, kazi nzima iende kwa masharti yake bila nyongeza. CDDL, iliyokuja na OpenSolaris, mfumo endeshi wa kampuni ya Sun Microsystems, mwaka 2005, inataka mafaili yake yabaki chini yake. Ukivichanganya kwenye mashine yako mwenyewe, hakuna anayekuuliza. Ugomvi unaanza pale unapomkabidhi mwingine, na mimi nilikuwa nimeshakabidhi mara 11, tena kwa malipo.

Hata wakubwa hawaelewani. Kampuni ya Canonical waliiweka ZFS iliyokompailiwa ndani ya Ubuntu 16.04, toleo lao la Linux, mwaka 2016, wakisema kisheria hawaoni tatizo. Software Freedom Conservancy, shirika linalotetea programu huria, wakasema huko ni kuvunja GPL. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alisema mwaka 2020 kwamba hataipokea ZFS ndani ya Linux bila barua rasmi yenye saini kutoka kampuni ya Oracle, walioinunua Sun mwaka 2010. Debian, kundi jingine linaloandaa Linux, wao kifurushi chao cha ZFS (si kile cha simu) kinabeba msimbo chanzo tu, yaani ule ambao haujakompailiwa, na mashine ya mtumiaji ndiyo inayokompaili.

Nimefuata njia ya Debian. Mchele napeleka mbali na nazi mbali, wali unapikwa kwa mteja. Unachukua muda: mistari inapanda kwenye skrini dakika kadhaa, na mwalimu mkuu mmoja akadhani mashine imeganda, akanyoosha mkono azime swichi. Nilimdaka kiganja.

Ombi langu ni kwamba waandishi wenu wakisifu programu huria wataje na leseni, na wanaotangaza zabuni za seva wadai orodha ya leseni kabla ya kulipa, kama yule mkaguzi. Ningeulizwa kwa mteja wa kwanza, nisingefika wa 11. Wote nimewapigia simu. Tisa nimeshawabadilishia kwa nauli yangu. Wawili bado, na mmoja yuko Ifakara, nasubiri mvua zipungue.

Fundi wa seva,
Msamvu, Morogoro