Acheni kututisha na soshali

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu enzi za kulinunua kwa sarafu na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu ya juzi kuhusu watoto wa Waafrika kuporwa na maofisa wa ustawi wa jamii Uingereza imenishinda. Mwandishi wenu kawahoji wanaume watatu wasiotajwa majina, kaongeza na sauti ya WhatsApp ambayo hakuna ajuaye ilikotoka, basi ikawa habari. Sheria inasemaje? Hata mstari mmoja hakuna. Nitaieleza mimi ninayeishi huku England, ingawa kazi hiyo mnalipwa nyinyi.

Ofisa wa ustawi wa jamii, huyo tunayemwita soshali, hana mamlaka ya kumbeba mtoto wa mtu akaondoka naye. Polisi wanaweza kumweka mtoto mahali salama kwa saa 72. Mahakama inaweza kutoa amri ya dharura ya siku 8, inayoongezwa mara moja tu. Zaidi ya hapo ni kesi kamili chini ya Sheria ya Watoto ya 1989, na halmashauri lazima ithibitishe kwamba mtoto anaumia vibaya, au yumo hatarini kuumia, kwa namna anavyolelewa. Katika kesi hiyo mzazi hupata wakili wa bure hata kama mshahara wake ni wa waziri, na asiyejua Kiingereza huwekewa mkalimani. Hili la wakili lilistahili herufi kubwa ukurasa wa kwanza.

Mtoto wa mama yangu mkubwa aliugua maradhi ya akili akalazwa muda mrefu. Binti yake wa miaka 12 akaja kwangu na begi la shule na sare aliyoivaa. Godoro sijamtandikia, simu zimeshaanza: usiseme kwa mtu, watamchukua. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hakosi kwenye harusi wala hitima, alinishauri niwaambie walimu kuwa ni mwanangu wa kumzaa. Sikumsikiliza. Huku mtoto wa chini ya miaka 16 akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, halmashauri lazima iarifiwe, na kwa sheria yao binamu ya mama si ndugu wa karibu. Nikapiga simu mwenyewe. Akaja dada mmoja mpole, akatazama kitanda, akauliza tunakula nini, akazungumza na mtoto faragha, akaaga. Binti yupo kwangu hadi leo.

Wapo wanaosema maswali yale ni dharau. Wamemsahau Victoria Climbié, mtoto wa Ivory Coast aliyeletwa Ulaya na shangazi wa mzazi wake kwa ahadi ya shule, akateswa London hadi akafa Februari 2000, hajatimiza hata miaka tisa. Alipita mikononi mwa ofisi za ustawi, polisi na hospitali mbili, kila mmoja akidhani mwenzake anashughulika. Ripoti ya Lord Laming, aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho, ya 2003 iliyasema yote hayo. Mimi niulizwe kuhusu kitanda mara mia, sina neno.

Neno langu ni la fedha, na hapo ndipo mwandishi wenu alipolala usingizi. Baada ya halmashauri kunipitisha, nikauliza posho. Nikajibiwa kwamba mtoto yupo kwangu kwa makubaliano ya kifamilia, kwa hiyo posho ya mlezi wa kambo, yule anayelipwa na halmashauri kulea mtoto wa wengine, hainihusu, na anayetakiwa kugharamia matunzo yake ni mama yake. Mama yake yupo wodini, hajui leo ni siku gani! Nikauliza: je, ningekataa kumfungulia mlango? Kimya kidogo, kisha nikaambiwa hapo halmashauri ingebidi imchukue, imtafutie mlezi, na mlezi huyo angelipwa kila wiki kwa kiwango ambacho serikali imekiwekea kima cha chini. Akikosekana mlezi, anapelekwa makao ya watoto, ambayo zaidi ya asilimia 80 huku England ni ya watu binafsi, na kitanda kimoja hugharimu maelfu ya pauni kwa wiki. Kumbe fedha zipo! Zipo kwa mgeni, zipo kwa kampuni, ila kwa jamaa wa damu hakuna. Kuna kifungu cha 17 cha Sheria hiyo ya Watoto kinachoruhusu halmashauri kusaidia mtoto mwenye uhitaji, lakini kimeandikwa "inaweza", na halmashauri yetu imechagua kutoweza. Nilichoambulia ni posho ya mtoto ya kawaida, ambayo mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 17.25 kwa wiki kwa mtoto asiye wa kwanza nyumbani. Viatu vyake vya shule tu vimeimeza ya wiki mbili na chenji haikurudi.

Na wale wanaume wenu watatu wanaolalamika kwamba huku ukimchapa mtoto tu umekwisha, waambieni wasome ramani kwanza. Scotland imepiga marufuku tangu Novemba 2020, Wales tangu Machi 2022. England bado ina ile kinga ya kisheria kwa mzazi aliyetoa adhabu ya wastani, na ukiacha alama mwilini haikukingi. Mtu anahama Cardiff ya Wales kwenda Bristol ya England, anavuka daraja moja, sheria ya kofi imebadilika. Hilo ndilo la kuwacheka Waingereza, lakini nani kalichunguza?

Nashauri mambo mawili. Mtumeni mwandishi akae mahakama ya familia. Tangu Januari 2025 wanahabari wanaweza kuomba ruhusa ya kuripoti kesi hizo England na Wales nzima, ilimradi majina yafichwe. Abebe kalamu, simu yenye WhatsApp aiache nyumbani.

La pili ni la halmashauri, maana najua wapo wanaotafsiriwa magazeti yetu. Jumatatu saa tatu asubuhi nitamfikisha binti mapokezi na begi lake, nimkabidhi rasmi. Saa tatu na nusu nitaingia kwa mlango wa nyuma, mwanamke mgeni kabisa asiye na undugu na mtu, kuomba kazi ya ulezi wa kambo. Fomu ziwe tayari, na chai isiwe na sukari nyingi.

Mama Z.,
East Midlands, Uingereza