Zuhura, safari hii naomba unyamaze

Zuhura shoga yangu,

Salamu sana. Huku Dar hatujambo, ni joto tu na mgao wa maji hosteli, hayo unayajua. Najua kimya changu tangu Idi umeshakipeleka kwa Mwajuma, maana Mwajuma hana siri. Utaninunia nikifika. Sasa nina shida, nimekuja kuomba kama kawaida yangu.

Wazo langu la mradi wa mwaka wa mwisho limekubaliwa. Nabuni kiolesura cha kikoba, yaani kurasa za simu anazoziona na kuzibonyeza mtumiaji: hisa, mfuko wa jamii, mikopo, marejesho, faini. Wenzangu darasani karibu wote wanachora programu za kuagiza chakula, Figma zao, ile programu ya kuchorea skrini, zimejaa rangi zinazoyeyukiana, na kila mteja wao anakaa Masaki. Mimi nimechagua menyu ya nyota na reli, kwa sababu akina mama ninaowafikiria wana vitochi. Hakuna rangi wala picha. Ukurasa mmoja wa menyu hiyo, kitaalamu USSD, haubebi zaidi ya herufi 182, na ukichelewa kujibu unakatwa, uanze upya. Baba mdogo bado anaamini nasomea kuchora kadi, ameniagiza ya kichenpati ya Salma. Nimeichora, ningefanyaje?

Shida yenyewe: nataka kuja Muheza nikae na akina mama wa kikoba cha mama yako, wanijaribie menyu. Watano tu. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia programu, ambaye jina lake halikosekani kwenye mitihani yetu, anashikilia kwamba watu 5 wanatosha kufichua kama asilimia 85 ya matatizo ya muundo. Dokta anayetufundisha anabisha, anasema inategemea matatizo yenyewe yamejificha kiasi gani. Kwa nauli niliyonayo, mimi niko upande wa Nielsen. Laptopu siji nayo. Kila ukurasa wa menyu nimeuandika kwenye karatasi. Mama anataja namba anayobonyeza, namwekea karatasi inayofuata. Kompyuta ni mimi. Cheka, lakini ucheke sasa, siku hiyo hapana.

Maana hapo ndipo ninapokuogopa. Wewe huwezi kumwona mtu anababaika ukanyamaza. Mama yako akikwama kwenye marejesho utamwambia, "Tatu, mama, bonyeza tatu," na kazi yangu imekufa hapo hapo. Sitajua kama menyu ndiyo iliyomwongoza au ni wewe. Hata kwa macho usimwonyeshe, Zuhura. Hata kukohoa.

Na mimi mwenyewe sina uhakika kama nitaweza. Darasani tulijaribiana wenyewe kwa wenyewe, hiyo rahisi. Lakini mtu mzima anatafuta kitu kwenye karatasi yangu, hakioni, ananitazama, nami nimjibu, "Endelea tu mama, ungefanyaje kama nisingekuwepo?" Kwetu huo si utafiti, ni kukosa adabu. Tunafundishwa kumwambia mshiriki kwamba hajaribiwi yeye, unajaribiwa muundo. Haya, kamweleze hivyo Bi Mwanahamisi akishakosea mbele ya wenzake! Waliotunga utaratibu huu sidhani kama waliwahi kutumwa dukani na mama wa jirani. Ndiyo maana nataka niwaone mmoja mmoja, ndani, na niwaombe waseme kwa sauti kila linalowapitia kichwani, hasa lawama. Wakinisema mimi, huenda wasijione wao ndio wajinga. Sijui. Bi Mwanahamisi kwa lawama simhofii.

Halafu kuna sanduku. Mtindo huu wa vikundi shirika la misaada la CARE waliuanzisha Niger mwaka 1991, na ule utaratibu wa kufuli tatu kwa washika funguo watatu sijaona skrini iliyoupiku. Hakuna anayefungua peke yake, na hela zinahesabiwa kila mtu anaona. Programu nilizozipitia mimi zinampa mweka hazina nywila moja, basi, kikoba kizima kiko mfukoni mwake. Kwenye menyu yangu mkopo haupiti mpaka wale watatu wabonyeze, kila mmoja kwa simu yake. Ila mmoja akiwa shamba, hana mtandao... hapo bado nahangaika. Na kule kuhesabu hadharani nitakuweka wapi ndani ya herufi 182?

Sasa nijibu haya. Bado wanakutana Alhamisi, au wamehama siku? Mama yako bado anashika ufunguo? Faini za kuchelewa wanalipa palepale au wanakatwa kwenye hisa? Yule aliyekopa akahamia Korogwe waliishia naye wapi, na je, nikimuulizia nitafukuzwa? Utamwambia Mama mwenyewe, au nimpigie mimi kwanza kwa heshima? Nitalala kwako? Na ukweli utoke moyoni: utaweza kukaa kimya saa nzima, au siku hiyo nikutume machungwa sokoni mpaka tumalize?

Nijibu mapema nikate tiketi Mbezi.

Wako,
Neema