Ukaguzi wa vitabu usigeuke kufuli

Mhariri,

Katika ubishi huu wa nani akague vitabu madarasani, tutenganishe kwanza. Vitabu vya kiada vimeshapita KICD, taasisi ya mitaala ya Kenya. Vinavyobishaniwa ni vile vya kabati la darasa: hadithi za zawadi, majarida ya watoto, makatoni ya wafadhili. Mtu mzima lazima avisome kabla ya mtoto, hilo halina mjadala. Swali ni nani, na kwa muda gani.

Anayetaka kila kitabu kipitie ofisi ya mjini hajapakia katoni kwenye boti ya kwenda Faza, kisiwani Pate. Katoni ikilala sakafuni hadi masika, kurasa hugandana, koga huingia na mchwa huanzia chini. Kitabu huoza kikingoja muhuri.

Florida, Marekani, wameyaona haya, japo bila mchwa. Sheria yao ya 2022, kama idara ya elimu ya jimbo ilivyoitafsiri, ilitaka hata vitabu vya darasani viteuliwe na mkutubi mwenye cheti. Januari 2023, Kaunti ya Manatee, baadhi ya walimu wakafunika rafu zao kwa karatasi kwa kuogopa kukosea. Sheria ya 2023 ikaongeza kwamba kitabu kikilalamikiwa kuwa na mambo ya ngono kitolewe ndani ya siku 5 za shule, kisirudi hadi uamuzi. Mwaka 2024 ikabidi wasio na watoto shuleni wawekewe mpaka: pingamizi moja kwa mwezi.

Sisi daftari moja linatosha: jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji, kilikotoka, gredi, sahihi ya aliyekisoma. Walimu watatu, kila mmoja vitabu 5 kwa wiki, humaliza katoni ya vitabu 60 kwa wiki 4. Kisomwe chote. Umri ulioandikwa kwenye jalada usiaminiwe, kwani humkusudia mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza. Cha miaka 8 kwao huweza kumshinda wetu wa miaka 11. Kilichotiwa sahihi kiingie kabatini siku hiyo hiyo, kisingoje wenzake.

Mzazi akipinga, aandike ukurasa na sababu, na awe amekisoma. Apewe jibu ndani ya siku 10 za shule. Zikipita kimya, kitabu kirudi rafuni.

Na ufunguo wa kabati ukae kwa mwalimu wa darasa. Ukikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu, akienda mkutano Mombasa watoto wanabaki kuhesabu migongo ya vitabu kupitia kioo.

Mwalimu,
Lamu