Saumu ya Yom Kippur haianzi alfajiri

Mhariri,

Wengi hudhani Yom Kippur, saumu ya toba ya Wayahudi, huanza alfajiri kama ya Ramadhani. Sivyo. Mfungaji huacha kula na kunywa kabla jua halijachwa tarehe 9 Tishri, mwezi wa kalenda ya Kiyahudi, hadi nyota zitokeze usiku wa kesho yake, muda wa saa 25 hivi. Kuoga, kujipaka mafuta na viatu vya ngozi pia ni mwiko.

Kinachowaangusha wengi ni kiu na kuumwa kichwa, viletwavyo na chakula cha chumvi nyingi jioni ile kabla ya kufunga, au kahawa iliyokatwa ghafla. Kahawa ipunguzwe siku kadhaa kabla. Mgonjwa aliyekatazwa kufunga na daktari ale, tena asione haya.

Lililo zito zaidi ni hili: uliyemdhulumu, mwombe radhi kwanza, hata mara tatu. Sala za siku hiyo hazifuti haki ya mwenzio.

Msomaji, Nairobi